Kikapu Kando ya Spika

Binti yangu alipoomba chumba cha nyuma, nilidhani anataka kuweka mahindi.

Chumba hicho kiko upande usiopata jua, na hapa Malangali, mtaa wa mji wa Sumbawanga, upande usiopata jua ni baridi hata adhuhuri. Mwezi wa sita na wa saba ukiacha maji kwenye ndoo jioni, asubuhi yanakukata vidole. Marehemu mume wangu alikijenga kiwe cha wageni, lakini wageni walilala humo usiku mmoja, wa pili wakahamia sebuleni wenyewe, tukaamua kukifanya ghala. Kwa hiyo binti aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniuliza kama chumba kile bado kina baridi, nilicheka. Nikamwambia baridi ya Sumbawanga haijahamia kokote. Alinishukuru kama mtu aliyeonyeshwa kiwanja chake.

Huyu ni kitinda mimba wangu. Anasoma shahada ya uzamivu katika fizikia, na kwa miaka kadhaa watu wa jumuiya yetu waliponiuliza anasomea nini hasa, nilijibu, "Sumaku." Wakisubiri niendelee, sikuwa na la kuendelea nalo. Jirani mmoja aliwahi kuniletea redio yake mbovu ili binti akija likizo aitazame. Sikumlaumu. Hata mimi niliyefundisha dini watoto wa shule miaka mingi, niliyezoea kueleza mambo magumu kwa maneno mepesi, nilishindwa kueleza kazi ya mtoto niliyemzaa.

Alikuja na mzigo mdogo. Baada ya kunisalimia na kunywa uji, alianza kutoa vitu ghalani: majembe, mabati yaliyobaki tulipoezeka, kitanda cha chuma, redio ya baba yake ambayo haijasema kitu tangu baba yake alipofariki. Nilimuuliza majembe yana kosa gani.

"Hayana kosa, mama. Ni chuma tu."

Kisha akatoa kwenye begi kisanduku cha chuma, kidogo lakini kizito, kimechomelewa vizuri kwenye kona. Akaniita dirishani, akakifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya kioo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, vimepangwa kwa mistari. Viling'aa. Nilijiona jicho moja ndani ya kipande kimoja.

Akaniambia juu ya kila kipande kuna tabaka la chuma na madini mengine, ambalo yeye mwenyewe amelitandaza kwa mashine, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote. Nikasogeza uso. Sikuona chuma. Niliona kioo safi, kama cha kujitazamia. Akaniambia nichukue unywele mmoja wa kichwa changu, niuchane kwa urefu mara elfu kumi. Mchano mmoja ndio unene wa utando ule. Nikadhani anatania, kwa sababu tangu utoto ana tabia ya kutania huku amekunja uso. Hakuwa anatania. Akaongeza kwamba utando wenyewe umekatwakatwa kuwa vidoti, vingi kuliko punje za ulezi katika mashamba yote ya Ufipa, na kila kidoti ni sumaku kamili, yenye upande wake wa juu na upande wake wa chini.

Nilikaa kwenye kiti. Kila Jumapili nakiri kwamba Mungu ameumba vinavyoonekana na visivyoonekana, na siku zote nilidhani visivyoonekana ni malaika. Haikunijia hata siku moja kwamba chuma nacho kinaweza kuwa miongoni mwao, wala kwamba mtoto wangu anaweza kukigeuza huku na huku kama mtu anayepindua chapati.

Baada ya hapo akanieleza kwa nini amekuja. Vidoti vile hutumika kutunza kumbukumbu ndani ya kompyuta. Kikitazama juu ni neno moja, kikitazama chini ni neno jingine. Shida yao ni joto. Joto huvichokoza mpaka kimoja kinageuka, kisha kingine, na kumbukumbu inapotea taratibu. Yeye alikuwa ametengeneza aina mpya ya tabaka, na alitaka kujua linavumilia kiasi gani likiachwa tu, bila kuguswa na mtu. Alikuwa amevielekeza vidoti vyote juu kwa sumaku kubwa ya maabara, akagawa vipande mafungu mawili. Fungu moja lingebaki kwenye joto la Dar es Salaam. Fungu la pili lingekaa kwenye baridi yetu. Baada ya mwaka angevipima vyote, aone vingapi vimegeuka pwani na vingapi vimegeuka huku.

"Huu mwaka ndio kazi yangu yote, mama," akasema. "Nikiupoteza, sina cha kusimama nacho mbele ya wakubwa wa chuo."

Chuo kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kufundisha, lakini kwa sharti kwamba awe amemaliza kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Kwa hiyo nilielewa vizuri. Sikuelewa sumaku, lakini kungoja nilikuelewa.

Masharti yake yalikuwa machache. Kisanduku kisifunguliwe wala kisihamishwe. Kile chuma chake kinene kilikuwa kinga. Nguvu ya sumaku yoyote ya nje ingeishia kwenye kuta zake isiwafikie waliomo ndani. Alisema "waliomo," kama vile ni watu. Pamoja na hayo, simu isiingie chumbani, redio isiingie, na zaidi ya yote spika isiingie, maana nyuma ya kila spika kuna sumaku, na kwenye spika kubwa sumaku hiyo hufika ukubwa wa kitumbua. Nikaitika. Akakiweka kisanduku juu ya kigoda, akafunika kitambaa dhidi ya vumbi, akarudi zake Dar.

Miezi ilipita bila jambo. Kila asubuhi nilisukuma mlango nikatazama kigoda, nikafunga. Nilimshukuru Mungu kwa kazi nyepesi kama hiyo katika uzee, ya kutunza kitu kwa kutokifanya lolote.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukaa juu ya milima, wifi yangu alifika kutoka kijijini kwake Mwazye. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Mume wake naye alishatangulia, na tangu miguu yangu ianze kusumbua huja kila mwaka kunisaidia kupanda, halafu hurudi kwake. Mimi huniita mke wake. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda na gunia la maharage, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mke wangu, umenenepa. Nani anakulisha wakati mimi sipo?"

Nilimwonyesha chumba cha nyuma, nikamwambia kazi ya mwanawe imo humo, isiguswe, na simu isiingie. Akaitika kwa heshima kubwa. Yeye anampenda yule binti kuliko watoto wake wa kuzaa, na hilo halifichi. Kila akisali rozari ya jioni, nia ya kwanza ni masomo yake.

Sasa niseme kidogo juu ya Misa ya mbegu. Kabla ya kupanda, kila familia huleta kanisani mbegu zake zibarikiwe: mahindi, ulezi, maharage. Hapo zamani zilikuwa mbegu tu. Lakini mjini si wote wanaolima, kwa hiyo mmoja mmoja watu walianza kuleta kazi za mikono yao. Fundi cherehani huleta mkasi, mwalimu huleta chaki, fundi pikipiki huleta spana aliyoipangusa mpaka inang'aa. Jambo moja halijabadilika: hakuna anayepeleka mbegu mbele ya altare ndani ya kopo au mfuko wa plastiki. Huenda kwenye kikapu, na juu kitambaa cheupe. Wifi yangu ni mkali sana juu ya hilo. Mwaka fulani alimrudisha mjukuu wake mlangoni kwa sababu ya ndoo.

Siku hiyo nilitangulia kanisani kuongoza rozari, nikamwachia yeye vikapu. Kanisa la kigango chetu lilijaa. Kwaya walikuwa wamepata spika mpya, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza, nao walikuwa wameisimamisha ubavuni mwa ngazi za altare. Nilimwona wifi akiingia na vikapu vyetu viwili, na cha tatu kidogo amekikumbatia kifuani. Nilidhani ni mbegu za mboga. Ngazi zilikuwa zimeshajaa vikapu vya watu, akatafuta nafasi, akakosa, kikapu kile kidogo akakiegemeza kwenye spika.

Misa iliendelea. Masomo, mahubiri. Padre alihubiri juu ya mtu anayezika punje ardhini bila kujua itakavyokuwa, na nilimsikiliza kwa raha. Kisha akashuka na maji ya baraka, na wenye vikapu wakaenda kufunua vitambaa. Wifi akapiga goti, akafunua kile kidogo.

Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la mashariki. Kitu kikamulika darini, vipande vipande vya mwanga, kama maji yanavyomulika.

Nilijua kabla sijajua. Nilitaka kusimama na miguu ikakataa. Padre alipita akanyunyiza, matone yakaangukia kikapuni, kwaya wakapokea kwa wimbo, na nikaona kwa macho yangu pindo la kitambaa cheupe likitetemeka kwa sauti inayotoka kwenye spika. Watu waliniambia baadaye kwamba midomo yangu ilikuwa inacheza. Labda nilikuwa naomba, sikumbuki.

Halafu miguu ikakubali. Mimi ambaye nimewakemea watoto wa vizazi viwili wasizurure wakati wa Misa, nilipita katikati ya kanisa padre akiwa bado ananyunyiza, nikainama, nikachukua kikapu, nikatokea mlango wa pembeni. Nasikia kanisa zima liligeuka. Padre alisita kidogo na akaendelea.

Wifi alinikuta nje, nimekaa kwenye tofali, kikapu mapajani. Vipande vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa kwa mistari, kwa upendo, kama alivyovikuta. Alikuwa amevibeba kutoka Malangali mpaka kanisani kama mtu aliyebeba mayai.

"Mke wangu, una wazimu? Umekatiza baraka katikati."

Nilimuuliza kisanduku kiko wapi. Akasema kiko nyumbani, kwenye kigoda. Angewezaje kupeleka mbegu ya mtoto mbele ya Mungu ndani ya bati? Watoto wa wenzetu wote, hata yule wa spana, kazi zao zimebarikiwa. Wa kwetu tu ndiye kazi yake ifungiwe gizani?

Nikamwambia habari ya sumaku. Nilimwambia juu ya spika, kwamba binti aliikataza kuliko vitu vyote.

"Ile ya redio," akasema. "Hii ni ya kanisa."

Hakuwa anabisha. Alikuwa ananieleza, kama mtu anayemweleza mwenzake aliyechoka. Neno la Mungu linatoka humo kila Jumapili. Litamharibia vipi mtoto kazi yake? Nilimwelewa, kwa sababu nami kabla ya binti kunieleza ningeamini hivyohivyo. Kisha nikaona uso wake ukibadilika taratibu, maana alikuwa ananitazama mimi, na aliona kwamba sijakasirika, ninaogopa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulivikausha kwa pumzi tu, bila kuvigusa juu, tukavirudisha kisandukuni. Na hapo ndipo nilipopata mshtuko: havikuwa na tofauti yoyote. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichokwaruzika. Niliona jicho langu ndani ya kipande kama siku ya kwanza. Mwaka mzima wa mtoto ulikuwa umefutwa, au haujafutwa, na hakuna macho ya binadamu ambayo yangeweza kusema.

Wifi naye aliliona hilo.

"Vizima," akasema kwa sauti ndogo. "Tufunike tu. Nani atajua? Kioo hakina mdomo."

"Atavipima akute vimegeuka."

"Atajua vimegeuka. Hatajua kwa nini."

"Atasema ni baridi," nikamwambia. "Atawaambia watu wa huko na wa nje kwamba baridi ya Ufipa ndiyo iliyovigeuza. Nao watamwamini, kwa sababu yeye hasemi uongo."

Akakaa kwenye gunia la mahindi. Alianza kusema Kifipa, peke yake, kama anavyofanya akiwa na uchungu, akimtaja mdogo wake aliyejenga chumba hicho. Baadaye akajifuta uso kwa kanga.

"Nipigie huyo mtoto. Nitasema mimi. Kikapu nilikibeba mimi."

Tulitoka na simu mpaka kwenye ua wa nje, mbali na chumba, ingawa sidhani kwamba ilikuwa na maana tena. Alieleza yote bila kuruka: kisanduku, kikapu, kitambaa, spika, maji. Kisha binti akauliza jambo moja tu: vilielekea upande gani? Shangazi yake hakuelewa swali. Binti akasema atakuja, simu ikakatika.

Aliposhuka kwenye basi, macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitupa shikamoo kila mmoja kama kawaida, akapokea uji akaunywa wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kwa maneno makali. Angekuwa na haki. Yeye alimwomba shangazi yake kitu cha ajabu. Alimwomba achukue kikapu kilekile na kitambaa kilekile, na maharage machache, tuende kanisani.

Padre alitufungulia. Ni kijana, amesoma seminari ya Kaengesa, na alikuwa ameshasikia habari yote kwa sababu watu hawakuzungumza kingine. Binti akamwomba shangazi afanye tena kila alichofanya siku ile. Shangazi akapiga goti palepale, akaegemeza kikapu, akapanga maharage juu ya kitambaa kwa mistari, harage moja kwa kila kioo. Alirudia mstari mmoja mara nyingi, akisema hapana, ulikuwa huku, subiri, ulikuwa huku.

Binti akatoa simu yake. Kumbe simu ndani yake ina dira, na dira hiyo inaweza kupima nguvu ya sumaku kwa tarakimu. Akaiweka juu ya harage la karibu na spika. Tarakimu zikapanda kwa kasi.

"Lakini leo imezimwa," shangazi akasema, akiwa na tumaini.

"Sumaku hailali, shangazi."

Akaendelea, harage kwa harage, akinong'ona tarakimu. Kadiri alivyosogea mbali na spika zilishuka, na kwenye ukingo wa mbali wa kikapu zilikuwa ndogo sana. Padre, aliyekuwa amesimama nyuma yetu ameshika mikono, akauliza kama hiyo ina maana kwamba vya upande ule vimepona. Binti akasema huenda.

Alirudi Dar na kisanduku. Kungoja simu yake kulikuwa kugumu kuliko miezi yote iliyotangulia. Wifi alipaswa kurudi Mwazye, mahindi yalishapandwa, lakini kila nikimuuliza alisema atakwenda wiki ijayo. Alisali bila kutaja nia.

Simu ilipokuja tulikuwa tunapukuchua maharage uani. Binti akaniomba niweke sauti kubwa ili shangazi asikie. Vipande vya karibu na spika, akasema, vilikuwa vimevurugika kabisa. Vidoti vilitazama huku na huku kama watu waliotawanywa na nyuki. Lakini vya ukingo wa mbali vilikuwa vimesimama. Karibu vyote vilitazama juu, kama alivyoviacha, vimevumilia kuliko vile vya pwani.

Wifi aliachia ganda la harage likaanguka. Mimi nikasema asante Mungu, kwa sauti, kwa sababu ndilo jambo alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo: kwamba baridi inasaidia. Nikamwambia basi atumie hivyo.

"Sivitumii, mama."

Nilidhani sijasikia. Nikamuuliza si amesema vimepona?

"Nimesema vimesimama. Sijui vilikutana na nini ndani ya kile kikapu. Tarakimu za simu zinanipa kubahatisha tu. Siwezi kuwaambia watu ni baridi wakati najua spika ilikuwepo."

Msimamizi wake alikuwa amemwachia uamuzi. Alimwambia wapo ambao wangevitumia na kuandika maelezo madogo pembeni. Yeye alikuwa ameshaviweka kando vyote, vya karibu na vya mbali. Na alikuwa ameshazungumza na chuo. Nafasi ya kufundisha itapewa mwingine.

Kwa miaka nimewafundisha watoto kwamba dhamiri ni sauti, na kwamba mtu huisikia pale ambapo hakuna anayemwona. Niliyafundisha maneno hayo kwa chaki ubaoni. Na huyu wa kwangu aliyatenda juu ya kitu ambacho hata yeye mwenyewe hawezi kukiona, wakati mama yake, mwalimu wa dini, alikuwa anamsihi achukue njia fupi. Sijawahi kushtuka namna ile mbele ya mtoto. Si aibu hasa, ingawa aibu ilikuwemo. Ni kama siku ile dirishani, nilipoambiwa kwamba kile ninachokitazama kina kitu juu yake na mimi sikioni.

Shangazi yake aliomba simu.

"Mwanangu, utaanza tena?"

"Nitaanza tena, shangazi."

"Utavileta wapi?"

Hapo binti akacheka kidogo. Tangu siku ya spika nilikuwa sijamsikia akicheka. Akasema kwani Ufipa kuna chumba kingine chenye baridi kama kile?

"Basi mimi Mwazye siendi," wifi akasema, akanirudishia simu, akaendelea kupukuchua.

Vipande vipya vililetwa mwanzoni mwa kiangazi, katika kisanduku kilekile. Wifi alihamishia godoro lake kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba cha nyuma. Nilimwambia binti hakuagiza hivyo, na kwamba kifua chake hakipendi baridi ile. Akanijibu kwamba mimi ni mke tu, mambo ya ukoo niwaachie wenyewe. Shamba lake la Mwazye amemwachia mwanawe wa kuzaa. Kila asubuhi namkuta amekaa kwenye mkeka, rozari mkononi, mgongo umeegemea mlango, na namshukuru Mungu kwa mtu huyu ingawa ndiye aliyetufikisha hapa.

Sijui kitakachoonekana mwaka ukiisha. Huenda baridi yetu haina msaada wowote, na binti amesema hata hilo litakuwa jibu, ataliandika vilevile. Nafasi nyingine chuoni haijatangazwa. Wakati mwingine nikimfikiria huko kwenye joto, akianza upya peke yake, moyo unanishtuka kama siku ile Misani, kisha unatulia.

Wiki iliyopita padre alituletea Komunyo nyumbani kwa sababu miguu yangu ilikuwa imevimba. Siku hizi chumba changu kinapakwa rangi, kwa hiyo nimelala chumba kinachotazamana na kile cha nyuma, na njia ni ile ya korido. Wifi alimpigia goti padre mlangoni kwa heshima zote, akasubiri baraka, akainuka. Kisha akanyoosha mkono.

"Simu, baba."

Padre akampa simu. Mkono haukushuka. Akampa na funguo za pikipiki. Wifi akavitazama, akaviweka ndani ya kinu nje kabisa kwenye ua, akarudi, akasogea pembeni na kumpisha apite.